230E Inagoma Asubuhi ya Baridi: Anzia Wapi, Uishie Wapi

Gari langu ni Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1983, lile umbo la W123 ambalo wengi wenu mmelipanda, kama si kwenye harusi basi kwenye msiba. Dar es Salaam lilikuwa likiwaka ukigusa ufunguo tu. Mwezi Juni nikalipandisha Njombe, juu ya mita 1,800, nikalilaza nje. Saa kumi na mbili asubuhi kioo cha mbele kimefunikwa na ukungu, majani yameloa umande, stata inazunguka kwa nguvu zote, na injini kimya. Njombe haikuharibu kitu. Ubovu ulikuwepo tangu Dar, pengine kwa miaka, ila joto la pwani lilikuwa linaufichia siri.

Tangu hapo nimeulizwa na wenye magari ya aina hii kuanzia Mbeya na Lushoto mpaka Limuru, na malalamiko ni yale yale. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Kila dalili inaanza na chanzo kinachotokea sana na kipimo cha bure, ndipo tunashuka kwenye mambo ya gharama.

Kwanza ujue unashughulika na mashine gani. 230E ilitoka mwaka 1980 ikiwa na injini ya M102 na mfumo wa mafuta wa Bosch K-Jetronic, ambao Bosch waliutoa mwaka 1973. Hiyo K ni ya neno la Kijerumani lenye maana ya "mfululizo". Nozeli nne zinanyunyiza muda wote injini inapozunguka, hazifunguki na kufunga kwa amri ya kompyuta. Kompyuta yenyewe haimo. Hewa inayovutwa inainua sahani, sahani inasukuma pistoni ndogo ndani ya kigawa mafuta, na pistoni ndiyo inayoachia petroli. Volvo 240 na Golf GTI za zamani zinatumia mfumo huo huo, kwa hiyo mengi ya humu yanazihusu pia. Mwenye Mercedes ya W124 au 190E ajue kwamba yake ni KE-Jetronic, ina boksi la umeme juu yake, na vipimo vyake si hivi.

Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli inabaki imetapakaa kwenye kuta za menifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda, bila kugeuka mvuke. Inabidi iongezwe. Enzi za kabureta tulivuta choki. Humu kazi ya choki imegawiwa vidude vinne. Nozeli ya tano inanyunyiza kwenye menifoldi wakati wa kupiga stata tu. Swichi ya joto na muda ndiyo inayoiruhusu ifanye hivyo, kwa sekunde chache, ikiona maji ya injini ni baridi. Regyuleta ya joto inapunguza presha juu ya ile pistoni ndogo ili sahani iinuke kirahisi na mafuta yaongezeke, kisha inairudisha taratibu kadiri injini inavyopata moto. Na valvu ya hewa ya ziada inapitisha hewa pembeni ya throto, ule mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli, ili sailensa, yaani mzunguko wa injini mguu ukiwa nje ya pedeli, isianguke. Dar, asubuhi ya nyuzi 26, vidude hivi vinne viko nusu likizo. Vikifa hakuna anayejua.

Na kuna skrubu moja ambayo nakuomba usiiguse. Iko ndani ya kitundu kati ya sahani ya hewa na kigawa mafuta, inaingiliwa na ufunguo wa L mwembamba wa milimita 3. Hiyo ndiyo ya mchanganyiko. Mafundi wengi wakisikia gari la injekisheni haliwaki, mkono unaenda pale kwanza. Ukiizungusha hata robo unakuwa umehamisha kila kitu, na ubovu wa mwanzo bado upo pale pale. Lililokuwa tatizo moja sasa ni mawili, na la pili linalificha la kwanza.

Kabla ya kufungua boneti

Acha mazoea ya kabureta. Kukanyagakanyaga pedeli kabla ya kuwasha hakusaidii, maana hakuna pampu ya kunyunyiza iliyofungwa kwenye pedeli. Washa swichi, sikiliza nyuma chini ya gari: kwa kawaida pampu ya mafuta inalia sekunde moja hivi halafu inanyamaza. Mguu ukae mbali na pedeli, piga stata. Usizidishe sekunde kumi, kisha pumzisha dakika nzima. Mara tatu zikipita bila dalili yoyote, acha. Kuanzia ya nne unamaliza betri na kulowesha plagi tu.

Papo hapo ng'oa plagi moja. Ikiwa kavu na haina harufu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yapo, kinachokosekana ni moto, au mafuta yamezidi. Kazi hii ni ya dakika tano na itakuokoa siku nzima ya kubahatisha. Ukirudisha plagi, mwanya uwe milimita 0.8.

"Stata inazunguka kivivu, au inagonga tu"

Anza na betri, hata kama ulinunua juzi. Joto la pwani ndilo linalochosha betri, baridi ya milimani inatangaza tu msiba. Pima kwa multimita gari likiwa limelala usiku mzima: volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, 12.0 ni kama hakuna kitu. Kisha mtu apige stata wewe ukiangalia. Ikishuka chini ya 9.6, ichajiwe vizuri na ipimwe tena. Ikirudia kushuka, betri imekwisha.

Baada ya hapo, vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani umwagie maji ya moto, piga brashi ya waya, kaza. Waya wa hasi uwe wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi.

Kitu ambacho watu wanakisahau ni ukanda wa waya unaounganisha injini au giaboksi na bodi. Magari haya yana miaka arobaini, ukanda umeliwa na kutu chini kule ambako hakuna anayeangalia. Weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Safisha au badilisha ukanda kabla hujamlaumu fundi wa stata.

Oili nayo. Nimekuta 230E Makambako imejazwa SAE 40 kavu, ile ya malori ya zamani. Asubuhi ya nyuzi 5 oili hiyo ni kama asali. Weka 15W-40 au 20W-50.

Stata yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa. Ila kuna onyo: ikizunguka kidogo halafu ikasimama ghafla kwa kishindo, kama imegonga ukuta, usilazimishe. Petroli inaweza kuwa imejaa ndani ya silinda, na kimiminika hakibanwi. Konekting rodi itapinda. Toa plagi zote nne kwanza.

"Inazunguka vizuri, haiwaki kabisa"

Hili ndilo lililonipata mimi, na ndilo linaloulizwa zaidi.

Kama plagi ni kavu, anza na pampu. Haisikiki? Nenda kwenye fyuzi. W123 inatumia zile fyuzi za kauri zenye umbo la risasi, nyeupe ni za amperi 8 na nyekundu za 16. Kwa macho fyuzi itaonekana nzima, lakini ncha zake zimeota kutu nyembamba isiyopitisha umeme. Zizungushe kwa kidole pale pale zilipo, moja moja. Usicheke, nimeona gari lililoletwa kwa breakdown likiwaka kwa hilo tu. Ukiwa na subira, zibadilishe zote. Bei yake ni ndogo.

Fyuzi zikiwa safi, inayofuata ni relei ya pampu. Relei hii ina akili kidogo, inasubiri mapigo kutoka kwenye mfumo wa moto ndipo iruhusu pampu, ili gari likipata ajali na injini ikizima petroli isiendelee kumwagika. Ugonjwa wake unajulikana dunia nzima: solda za ndani zinapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Ifungue kifuniko, iangalie kwenye mwanga kwa miwani ya kukuzia, utaona duara jeusi kuzunguka mguu mmojawapo. Mtu anayetengeneza redio atakuchomea upya kwa nusu saa. Kuthibitisha, unaweza kuitoa na kuunganisha tundu la 30 na la 87 kwa waya wenye fyuzi ya amperi 16. Pampu ikilia, pampu ni nzima na relei ndiyo mgonjwa. Fanya hivyo kwa sekunde chache za kupima tu. Kuna watu wanatembea na waya huo miezi. Huko ni kuondoa ulinzi wa moto kwenye gari lenye presha ya bar 5 ya petroli.

Kama plagi zimelowa, angalia moto. Maeneo ya ukungu kofia ya distributa, kile kidude kinachogawa moto kwa plagi, inatoa jasho kwa ndani kama kifuniko cha sufuria. Ifungue, ifute kwa kitambaa kikavu, angalia mstari mweusi mwembamba kama njia ya sisimizi: hapo moto unatoroka. Rota na waya za plagi ni za kubadilisha pamoja na kofia. Mfumo wa moto wa M102 hauna pointi, ni wa kielektroniki na volteji yake ni kubwa, kwa hiyo usishike waya mtu akipiga stata. Mwenye kifaa cha moyo kifuani asikaribie kabisa.

Pampu inalia, moto upo, na bado kimya? Hapo tumefika kwenye nozeli ya tano.

Pale Njombe nililetewa fundi mzee, kavaa koti la jeshi na kofia ya sufi. Baada ya shikamoo hakugusa spana. Alisikiliza pampu, akanusa bomba la moshi, akasema, "Mwanangu, hainuki. Gari lililopigwa stata namna hii lingekuwa linanuka petroli. Nitafutie chupa ya jemu." Lakini kabla ya chupa alipima kwa taa ndogo ya bodaboda aliyoifunga waya mbili. Akachomoa soketi ya nozeli ya tano, akaweka waya zote mbili kwenye matundu yake, nikapiga stata. Taa haikuwaka. Akahamisha waya mmoja kwenye chuma cha injini. Nikapiga tena. Taa ikawaka.

Kipimo hicho kishike. Taa ikiwaka kwenye matundu mawili, umeme unafika na swichi ya joto na muda inafanya kazi. Shaka ni nozeli yenyewe. Isipowaka kwenye matundu mawili lakini ikawaka kati ya tundu moja na bodi, umeme unakuja ila njia ya kurudi kupitia ile swichi imekatika. Isipowaka popote, waya kutoka upande wa stata ndio wa kufuatwa. Kipimo kinafanyika injini ikiwa baridi kweli, na pigo la kwanza ndilo la kuamini. Ndani ya swichi kuna bimetali inayopashwa na maji ya injini na pia na waya wake yenyewe wa umeme, kwa hiyo ukipiga stata muda mrefu inakata kwa makusudi, ili plagi zisilowe. Kwenye mwili wake kwa kawaida kumegongwa namba mbili, nyuzi na sekunde, ambazo ndizo mipaka yake.

Kwangu swichi ilikuwa nzima. Soketi yake ndiyo iliyokuwa kijani kwa ndani, kutu ya chumvi ya Dar. Mzee akakwangua kwa kipande cha msasa alichokikunja kama njiti, akarudisha. Ndipo chupa ya jemu ikaletwa. Alichomoa waya mnene wa koili kwenye kofia ya distributa, akaubana imara kwenye chuma cha injini mbali na chupa ili cheche isiruke hewani, akafungua skrubu mbili za nozeli bila kuifungua mpira wa mafuta, akaiingiza mdomo chupani. Nikapiga stata. Ukungu wa petroli ukafunguka mle ndani kama mwavuli, mwembamba, sawa pande zote, kisha ukakatika ghafla. Akainua chupa akahesabu dakika. Tone halikuanguka. "Rudisha," akasema.

Ukifanya hivi, fanya nje, mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe mkononi mwa mtu wa pili, asiwepo mvuta sigara wala jiko la mkaa karibu. Kama umewahi kusita hata kidogo kufanya kazi na petroli, ishia kwenye taa. Taa inatosha kwa magari mengi.

Chanzo cha mwisho hapa ni petroli yenyewe. Iliyochanganywa na mafuta ya taa inawaka vibaya kwenye baridi, kwa sababu mafuta ya taa hayageuki mvuke kirahisi. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya uchakachuaji huo, lakini petroli ya kidumu kando ya barabara ni kamari hadi leo. Na gari lililoegeshwa miezi sita lina petroli iliyopoteza nguvu zake nyepesi, zile zile zinazohitajika asubuhi. Mbaya zaidi, mabaki yake yanaganda kama gundi na kuinata pistoni ya kigawa mafuta. Kigawa mafuta kikinata, usikifungue kwa kujaribu. Ni kazi ya mtu mwenye benchi safi na uzoefu.

"Inawaka, inanguruma sekunde tatu, inazima"

Sikiliza inazima lini hasa. Kama inazima pale pale unapoachia ufunguo, wakati stata inapokatika, rudi kwenye relei ya pampu. Kwenye stata inapata umeme wa njia nyingine, ukiachia inangoja mapigo ya moto na haiyapati. Hicho ndicho chanzo cha kwanza, na watu wengi wanakiruka wakakimbilia regyuleta ya bei mbaya.

Kama inaendelea kidogo baada ya kuachia ufunguo, kisha inafifia na kufa, basi nozeli ya tano ilifanya kazi yake na waliopaswa kuipokea kijiti hawapo. Tafuta hewa ya wizi. Mfumo huu unapima hewa inayopita kwenye sahani peke yake; inayoingia kwa mlango wa nyuma haipewi petroli. Chini ya kipimo cha hewa kuna mpira mkubwa unaoshika mpaka kwenye throto. Unapasuka upande wa chini, usioonekana. Pitisha kidole ukiukunja. Kisha mipira midogo yote ya vakyumu, sili za nozeli, na gasketi ya kifuniko cha oili. Gari likiwa linaunguruma, fungua kifuniko cha oili: injini nzima itashtuka, sailensa ishuke au izime. Isiposhtuka kabisa, maana yake hewa inaingia tayari kwingine. Kutafuta ufa tumia maji ya sabuni kwenye chupa ya kunyunyizia. Wanaonyunyiza petroli au klina ya breki kwenye injini ya moto wanatafuta ufa na msiba kwa pamoja.

Valvu ya hewa ya ziada inapimwa kwa koleo la mkono. Injini ikiwa baridi, bana mpira wake: mzunguko ushuke. Usiposhuka, valvu imeganda ikiwa imefunga. Ukiwa na moto kamili, bana tena: hapo usibadilike kitu. Ukishuka, imeganda wazi, nayo inakupa ugonjwa mwingine wa sailensa ya juu siku nzima. Mara nyingi ni uchafu wa moshi wa oili tu, inaoshwa kwa klina ya kabureta nje ya gari na kurudishwa.

"Inawaka ila inamisi na kupiga chafya mpaka ipate joto"

Mlio wa "pwaa" unaorudi kwenye menifoldi ukikanyaga mafuta ni njaa ya petroli. Ukishaondoa hewa ya wizi, mshukiwa mkuu ni regyuleta ya joto, kile kidude cha chuma kwenye ubavu wa injini chenye mipira miwili ya mafuta na soketi ya umeme. Kina kichujio cha wavu mdogo sana ndani yake. Kikiziba, presha ya udhibiti inakuwa juu hata injini ikiwa baridi, pistoni inakandamizwa, petroli haitoki ya kutosha.

Hapa huwezi kukisia, inabidi geji ya presha ifungwe kati ya kigawa mafuta na regyuleta. Presha ya mfumo iwe bar 5 na kitu. Presha ya udhibiti injini ikiwa na moto iko kati ya 3.4 na 3.8. Ikiwa baridi inapaswa kuwa chini sana. Kwenye nyuzi 10 ni bar 1 na ushei. Kila regyuleta ina namba yake na mstari wake wa presha dhidi ya joto, tafuta mstari wa namba iliyogongwa kwenye yako. Ukisoma bar 3 asubuhi ya baridi, umekwisha kumpata mwizi.

Sababu nyingine, na kwa uzoefu wangu ni ya mara nyingi kuliko inavyosemwa: kuna aliyekwisha kuigusa ile skrubu. Milimani hewa ni nyepesi, na mfumo huu hauna cha kuurekebisha, kwa hiyo gari la pwani likipanda, mafuta yanazidi kidogo haki yake. Fundi anaona moshi, anapunguza. Mchana linapendeza. Kesho yake asubuhi linapiga chafya.

"Moshi mweusi na harufu ya petroli mpaka ndani"

Tazama filta ya hewa. Kuitazama ni bure. Kisha nozeli ya tano inayovuja: inadondosha saa zote, si asubuhi tu, na injini ikiwa na moto nayo inasumbua. Kipimo ni kile cha chupa. Baada ya kunyunyiza isidondoshe hata tone kwa dakika.

Kama moshi unakuwepo dakika nyingi za mwanzo kisha unapotea wenyewe, hita ya ndani ya regyuleta ya joto haifanyi kazi. Chomoa soketi yake, pima injini ikiwa inaunguruma: kuwe na volti 12 kwenye waya. Kisha pima regyuleta yenyewe kwa omu, ikusomee kati ya 20 na 30 hivi. Isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika.

Vuta dipstiki unuse. Oili ikinuka petroli na kiwango kimepanda, usiendeshe tena mpaka uimwage. Oili iliyochanganyika na petroli haina ulainishaji, inakula beringi za krenki.

"Asubuhi safi, ila nikiegesha juani nusu saa haitaki"

Huu si ugonjwa wa baridi, usihangaike na vidude vilivyotajwa juu. Presha inavuja baada ya kuzima na petroli inachemka kwenye mabomba. Kuna valvu ya kuzuia petroli isirudi kwenye pampu, na kuna kihifadhi presha, kopo la chuma karibu na pampu lenye diaframu ndani. Ukichomoa mpira wake wa nyuma ukakuta petroli inatoka, diaframu imetoboka.

Wapi pa kuachia

Petroli ikidondoka popote, hata kama ni tone kwa dakika, usipige stata tena. Chomoa hasi ya betri na umwite fundi mahali gari lilipo. Ukinusa petroli ndani ya gari, vivyo hivyo. Kufungua mpira wowote wa mafuta bila kuondoa presha kwanza kutakurushia petroli machoni. Usiinue sahani ya hewa kwa kidole pampu ikiwa inafanya kazi, kwa sababu nozeli zote nne zitamwaga na silinda itajaa. Kama kampreshani ya silinda moja ni ndogo kuliko za wenzake, au mnyororo wa kamu unapiga kelele mbele ya injini asubuhi, huo si ugonjwa wa mafuta na utaratibu huu haukuhusu.

Na ukimpelekea fundi, mpe namba ulizopima, volti, bar na nyuzi za asubuhi ile, uziandike kwenye karatasi. Kisha muulize kama ana geji ya K-Jetronic na mashine ya kupima moshi. Asipokuwa nazo, ukamwona anatoa ufunguo wa L wa milimita 3 mfukoni, mshukuru kwa adabu na ufunge boneti.